Daktari akisema Kiswahili, mbona tunacheka?

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeketi mbele ya picha zinazotembea, kwanza zile sinema zilizoletwa kijijini kwa gari na kuonyeshwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani, kisha runinga, na siku hizi hata simu, nikingoja kukisikia Kiswahili kikizungumzwa na mtu mzima, mwenye akili timamu, ambaye si mnyama, si mtumishi wa bwana mkubwa, wala si mchekeshaji. Mahitaji yangu, kama unavyoona msomaji, si makubwa. Sidai Kiswahili kitunukiwe medali. Nataka tu nikisikie kikitoa habari ya msiba, kikidai mshahara, kikiposa, kikikata rufaa. Mara chache nimejaliwa. Mara nyingi nimekwenda kulala nikiwa nimemsikia simba.

Naanza na huyo simba kwa sababu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Jumamosi moja ya mwaka jana nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule ninakofunza. Wanafunzi walikuwa wameruhusiwa filamu, na kwa kura ya mikono iliyopigwa katika bwalo la chakula wakaichagua The Lion King, ile ya mwaka 2019 ambayo wanyama wake wametengenezwa kwa kompyuta kwa ustadi hata ukaweza kuzihesabu nywele za pua, ingawa nyuso zao haziwezi kuhuzunika. Karibu kila mmoja wao alikwisha kuitazama. Nami niliitazama ile ya kwanza, ya vibonzo, iliyotoka mwaka 1994, na nakiri kwamba nililia Mufasa alipokufa. Nikiiona tena nitalia tena. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nanena haya kwa chuki. Anayeichukia sinema haoni kasoro zake, kwa kuwa haitazami.

Kila jina lilipotajwa, bwalo zima lilinigeukia mimi, mwalimu wa Kiswahili. Simba ni simba. Hapo Disney haikutoka jasho. Ni sawa na sisi kutengeneza filamu juu ya Waingereza, kisha shujaa wake tukamwita Mtu. Rafiki ni rafiki, naye ni nyani mwenye bakora. Mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi, yale maji ya uongo yanayomlaghai msafiri jangwani. Sijui mama wa watu alikosa nini hata akabandikwa jina hilo. Ngiri ameitwa Pumbaa, na kwa kweli amepumbaa, kwa hiyo huyo ametendewa haki. Fisi mkuu anaitwa Shenzi. Hapo wanafunzi waliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao kabla ya kukumbuka kwamba hilo ndilo neno walilokuwa wakitupiwa babu zetu na wenye mashamba ya walowezi, na kwamba aliyelichagua huko ng'ambo alililetea fisi likiwa bado na vumbi la enzi hizo. Ama Nala, mwali wa hadithi, wapo wanaoapa kwamba jina lake ni la Kiswahili. Nimelitafuta. Mwanafunzi atakayenionyesha ukurasa wa kamusi lilipoandikwa nitamnunulia soda.

Haya ni mambo ya utani, na ningeyaachia hapo kama yasingekuwa na mkia. Wimbo unaofungua filamu hiyo jua linapochomoza ni wa Kizulu. Sauti ya Rafiki katika filamu ya 2019 ni ya John Kani, mwigizaji mashuhuri wa Afrika Kusini. Mwaka huo huo Beyoncé alitoa albamu iliyoandamana na filamu, akawaalika wanamuziki wa Nigeria, wa Ghana, wa Kameruni na wa Afrika Kusini, nao wakaimba vizuri mno. Wa Afrika Mashariki hawakualikwa. Yaani wanyama wamepewa majina yetu, nchi inayoonekana ni nyika zetu, lakini karamu ilipoandaliwa sisi tuliachwa nje tukinusa pilau. Isitoshe, mojawapo ya nyimbo za Beyoncé inafunguliwa kwa maneno ya Kiswahili yanayomtakia mfalme maisha marefu, na maneno hayo yameundwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, hata ukahisi kwamba aliyeyatunga alikuwa na kamusi tu mkononi, hana Mswahili jirani. Ningekuwa nasahihisha insha ningeyazungushia duara jekundu na kuandika pambizoni: Sisi husemaje?

Na kuna lile la shati. Disney iliomba haki ya kumiliki maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara kwa ajili ya mavazi mwaka 1994, ikasajiliwa nchini Marekani mwaka 2003, na sisi wenye lugha tukaja kuzinduka mwaka 2018, watu zaidi ya laki moja walipotia saini ombi la kuipinga. Mimi nilitia saini. Baadaye nikajiuliza, kwa faragha, ni lini mara ya mwisho nilipotamka maneno hayo kwa kinywa changu nikizungumza na mtu asiye mtalii. Nyumbani kwetu husemwa "hakuna shida", na Pwani utasikia "hapana neno" au "hamna taabu". Nilikuwa napigania kwa jazba mali ambayo hata sikuwa naitumia.

Hapo ndipo muziki unapoingia, kwa sababu maneno hayo hayakwenda Marekani kwa miguu. Them Mushrooms, bendi ya Pwani iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii mahotelini, ilitoa wimbo wa "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya vibonzo vya Disney. Wimbo ni mtamu. Anayesema si mtamu basi masikio yake yana kutu. Hata Boney M, lile kundi lililoundwa Ujerumani, lilitoa toleo lake mwaka 1983. Siwalaumu vijana wa Them Mushrooms hata kidogo, walikuwa wakitafuta riziki na waliipata kwa halali. Lakini tangu hapo dunia imesadiki kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wasio na lolote linalowasumbua, wanaosimama mlangoni mwa hoteli mchana kutwa wakisalimu. Tena wanasalimu kwa "Jambo"! Kila mwanafunzi wa darasa la pili anajua kwamba jambo ni neno kama maneno mengine, wingi wake ni mambo, na kwamba salamu ni hujambo na jibu lake ni sijambo. Kumkabili mtu njiani na kumwambia "Jambo" ni sawa na kumwambia "Kitu", kisha ukatabasamu na kungoja akujibu. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe, tukimwona mgeni mwenye kamera shingoni, tunamwambia hivyo hivyo.

"Malaika" nayo iliwahi kupatwa na mkasa wa namna hiyo. Wimbo huo, uliorekodiwa na Fadhili William, ambao mtunzi wake hasa amebishaniwa kwa miaka na mikaka, ni kilio cha kijana fukara aliyempata mpenzi na kukosa mali ya kumwolea. Miriam Makeba aliuimba kwa namna iliyokufanya uuhisi ufukara huo mfukoni mwako. Boney M waliuimba mwaka 1981 na ukawa wimbo wa kuchezea dansi. Nimewahi kuhudhuria arusi moja ya kifahari ambapo ulipigwa wakati maharusi wakikata keki ya ghorofa tano, na hakuna aliyeona ubaya. Bwana arusi, nilivyoelewa, hakuwa fukara.

Ila yupo mmoja ambaye nampa kikombe. Mwaka 1987 Michael Jackson alitoa albamu ya Bad, na ndani yake mna wimbo uitwao "Liberian Girl". Wimbo unaanza kwa maneno ya mapenzi yanayonong'onwa kwa Kiswahili. Yanayatamkwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini. Basi tazama vema, msomaji: Mmarekani anamwimbia msichana wa Liberia, nchi iliyo zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Mombasa na ambako Kiswahili si lugha ya mtu yeyote, kwa msaada wa mwanamke wa Afrika Kusini ambaye naye hakulelewa kwa lugha hiyo. Nilipokuwa kijana niliusikia wimbo huo katika redio ya matatu nikashtuka, nikamtazama jirani yangu, naye akanitazama, tukajisikia kana kwamba mtu ametaja jina la kijiji chetu Umoja wa Mataifa. Hatukuuliza Liberia iliingiaje. Mwenye njaa ya kutajwa hachagui mahali pa kutajwa.

Kuhusu filamu za mabwana na mashamba nitapita haraka, maana zinajulikana. Mwaka 1953 waliigiza Mogambo, sehemu yake ikapigwa papa hapa Kenya, na jina lake halimo katika kamusi yoyote ya Kiswahili ninayoijua, japokuwa linasikika kama kwamba linapaswa kuwemo. Mwaka 1985 ikaja Out of Africa, ikanyakua tuzo saba za Oscar, na ni filamu nzuri kwa macho. Vilima vya Ngong havijawahi kupigwa picha kwa mapenzi kama yale. Humo Kiswahili ni lugha ya kuamrisha na kuamrishwa. Nasikia simba waliofunzwa waliletwa kutoka California. Sina la kuongeza juu ya nchi inayoletewa simba.

Kwa insafu lazima nimtaje mmoja aliyenifurahisha. Katika Star Trek, tamthilia ya runinga ya Marekani iliyoanza mwaka 1966, mlikuwa na afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani, mwanamke Mwafrika, aliyeitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Aliigizwa na Nichelle Nichols. Katika sehemu moja ya mwaka 1967, mtambo fulani unamfutia kumbukumbu zote, ikabidi afundishwe upya kusoma, na anapokwama katika Kiingereza kinachomtoka kinywani ni Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kubabaisha, lakini zingatia wazo. Hapo Kiswahili hakikuwa pambo la kunyunyiziwa juu kama bizari. Kilikuwa lugha ya ndani kabisa ya mtu msomi, afisa, mtaalamu wa mitambo. Kile kinachobaki baada ya mengine yote kufutika. Wamarekani walikifikiria hilo miaka minne tu baada ya sisi kupata uhuru wetu.

Nimekwisha kuwacheka Wamarekani, basi, na ningeweza kuwacheka mpaka ukurasa uishe. Lakini jioni ile bwaloni, baada ya filamu, lilinijia swali ambalo halikunipa usingizi. Hao hawakijui Kiswahili, na asiyejua hasemwi sana. Sisi tunaokijua tumekifanyia nini katika runinga yetu?

Tulikipa Vitimbi. Tulikipa Vioja Mahakamani. Kuanzia miaka ya 1980, katika Sauti ya Kenya ambayo mwaka 1989 ilirudishiwa jina la KBC, vipindi hivyo viwili vilikuwa karamu ya kila juma, na nyumba iliyokuwa na runinga ilijaa majirani hadi dirishani. Nilikuwa mmoja wa hao wa dirishani. Sitaki kusikia neno baya juu ya marehemu Mzee Ojwang'. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo kwa ufundi mkubwa kiasi kwamba watazamaji wengi hawakujua mpaka leo hii. Mtu anayeweza kuuhama ulimi wake na kuhamia wa jirani, akaishi humo miaka yote hiyo na jirani mwenyewe akacheka kwa furaha, huyo ni msanii wa daraja la juu popote duniani. Mama Kayai naye, kwa kumkunjia uso tu, alikuwa akinena kurasa tatu.

Shida si wao. Shida ni kwamba walikuwa karibu peke yao. Kiswahili kilipoingia runingani kiliingia kwa mlango wa kicheko, na kilipokwisha kuketi hatukukionyesha chumba kingine. Mahakama ya Kiswahili tuliyoijua ni ile ya Vioja, ambamo mshtakiwa huropoka na hakimu hushika kichwa. Mahakama ya kweli ilikuwa kitu kingine. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za madai ilitamka kwamba lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, na Kiswahili kikaruhusiwa katika mahakama za chini. Ikawa mtu anaweza kuchekwa kwa Kiswahili, lakini akitaka kusikilizwa hadi juu, atafute mkalimani. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na hilo ni jambo kubwa. Runinga, naona, haijaisoma Katiba.

Tazama matangazo ya biashara jioni yoyote. Sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya kuua mbu hutangazwa mno kwa Kiswahili. Bima, mikopo ya nyumba na vyuo vikuu hupenda Kiingereza. Hata taarifa ya habari imegawanywa kama meza ya harusi: saa moja jioni ya Kiswahili, watoto wakiwa bado wanakula, na saa tatu usiku ya Kiingereza, wakubwa wakiwa wametulia. Na katika hiyo ya saa moja, mtangazaji akifika mwisho huona kana kwamba ana deni la kuchekesha. Utasikia misemo mitano kwa pumzi moja juu ya mbuzi aliyeingia dukani, mingine hata wahenga wenyewe wakifufuka watakana kuisema.

Wapo waliothubutu njia nyingine, na dhambi ningeifanya nisipowataja. Tushauriane ya mwaka 1987 ilijaribu kuzungumzia uzazi na familia. Tausi, katika miaka ya 1990, ilikuwa na njama na mahaba kwa Kiswahili kilichotiwa nakshi, na mama zetu waliifuatilia kama kesi ya shamba. Redioni, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliutangaza mpira kwa namna iliyowafanya wanaume wenye ndevu wapige kelele mbele ya kisanduku kisicho na picha, na katika "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi alichokianza mwaka 1966, alitukemea kwa Kiswahili tukakemeka. Hakuwa mchekeshaji, ingawa tulicheka. Tulicheka kwa kuwa tumejiona. Siku za karibuni Maria, iliyoanza 2019, na Zora ya 2021 zimewaliza watu kwa lugha ya taifa, ijapokuwa nimegundua kwamba katika tamthilia nyingi za kwetu tajiri humbembeleza mpenzi wake kwa Kiswahili, lakini akitaka kumfukuza mfanyakazi hubadili mara moja na kutumia Kiingereza, kana kwamba barua ya kufukuzwa haina nguvu ikiwa na ngeli. Nao ndugu zetu wa Tanzania wanaoigiza kwa Kiswahili kitupu tangu mwanzo hadi mwisho, mara ngapi kava la filamu limeandikwa jina la Kiingereza? Ni kama mtu aliyevaa kanzu safi akafunga tai juu yake ili aheshimike.

Kwa sinema, iliyonishinda nguvu ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Msichana mdogo anaitwa Jo, ni mgonjwa, hatapona, na anatamani kuwa shujaa mwenye uwezo wa kupaa kama wale wa filamu. Kijiji kizima kinashirikiana kumdanganya kwa upendo. Humo watu wanazungumza Kiswahili na Kikuyu na Kiingereza kama watu wanavyozungumza, bila mtu kusimama mbele ya lugha yake kama aliyevaa nguo ya kuazima. Nilipotoka nilikuwa nimelowa mashavu, na hakukuwa na simba hata mmoja.

Nisingeyajali haya yote kama yangeishia kwenye skrini. Hayaishii huko.

Mwaka jana nilikisimamia kikundi cha maigizo cha shule yetu. Wanafunzi walitaka kuutunga mchezo wao wenyewe kwa Kiswahili, juu ya mama anayemfikisha mwanawe hospitalini akiwa amechelewa kwa sababu ya barabara mbovu. Niliusoma mswada nikaufurahia mpaka nikafika anapoingia daktari. Mfagiaji alizungumza Kiswahili. Bawabu alizungumza Kiswahili, tena cha kuchekesha. Mama, maskini, alizungumza Kiswahili. Daktari aliingia akiwa na koti jeupe na kumpa habari ya kifo cha mtoto wake kwa Kiingereza cha kitabuni.

Nikawauliza, "Mama huyu anaelewa Kiingereza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi daktari anazungumza na nani?"

Walitazamana. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye hajui kunificha neno, akasema, "Mwalimu, watazamaji watajua kwamba yeye ni daktari. Akisema Kiswahili watacheka."

Nikasema na tujaribu. Kijana aliyekuwa daktari akavaa koti lake, akaingia, akafungua kinywa, na Kiswahili kilichotoka kilikuwa na lafudhi ya Mzee Ojwang'. Hakuna aliyemwomba lafudhi hiyo, na kijana mwenyewe hakukusudia. Ndicho Kiswahili cha jukwaani pekee alichowahi kukisikia tangu alipozaliwa. Wenzake walicheka, yeye akacheka, na hata mimi, Mungu anisamehe, midomo ilinicheza. Nikamwambia aseme kama anavyozungumza na mama yake. Akanijibu kwa adabu kwamba na mama yake huzungumza Kikamba.

Sikuwa na jibu. Nimefundisha ngeli, ukanushaji na aina za mashairi kwa miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba mwanafunzi wangu anaweza kupata alama ya A katika Kiswahili na asiwe na mtu hata mmoja, wa kweli au wa filamu, wa kumwiga anapotaka kutoa habari mbaya kwa lugha hiyo.

Aliyetuokoa ni yule yule msichana. Shangazi yake ni muuguzi huko Voi, na likizo moja alikuwa amekwenda kumpelekea chakula kazini, akamsikia akizungumza na mzee mmoja aliyekuwa amempoteza mkewe. Tulikuwa tumemwandikia daktari maneno marefu ya kusikitika na kuarifu, maneno ambayo sasa naona tuliyatoa katika Kiingereza na kuyavisha kanzu, kama walivyofanya wale wa albamu niliowacheka. Msichana akasema shangazi yake hakusema hayo. Alivuta kiti, akasema, "Baba, keti kwanza." Kisha akanyamaza mpaka mzee akaelewa.

Daktari wetu akajaribu. Aliingia, akavuta kiti, akasema, "Mama, keti kwanza." Msichana aliyekuwa mama akaketi. Darasani hakuna aliyecheka. Bawabu wa mchezo, mtundu kupita wote, alikuwa amesimama kando na fimbo yake ya karatasi, akageuka akatazama ukutani.

Tuliupeleka mchezo kwenye mashindano hivyo hivyo, bila Kiingereza hata kidogo. Hatukufuzu kwa hatua iliyofuata, na shule iliyotushinda ilistahili. Walicheza vizuri kuliko sisi na nyimbo zao zilikuwa bora. Baadaye tulipewa karatasi ya maoni ya mmoja wa waamuzi. Alikuwa amesifu mavazi, mpangilio wa jukwaa na sauti ya mama. Kuhusu daktari aliandika kwamba mhusika huyo hakuaminika, na kwamba angezungumza Kiingereza ingefaa zaidi hadhi yake. Maoni hayo alikuwa ameyaandika kwa Kiswahili sanifu, na sikuona humo kosa hata moja la tahajia.